Shilingi mbili, asili moja: Fedha za Kenya na Tanzania tangu 1966

Anayevuka mpaka wa Namanga au Holili akiwa na shilingi 100 za Kenya, katika miaka ya karibuni amekuwa akipata kati ya shilingi 1,600 na 2,100 za Tanzania, kutegemea amevuka lini. Mwaka 1966 angepata 100. Ilikuwa shilingi kwa shilingi.

Imekuwaje sarafu mbili zilizozaliwa pamoja, kwa jina moja na thamani moja, zikaachana kiasi hiki? Na je, ni kweli kwamba aliye na sarafu yenye namba ndogo ndiye mwenye uchumi imara zaidi? Katika makala hii tunafuatilia safari ya shilingi hizi mbili, na tunaeleza kwa nini jedwali la viwango vya zamani linahitaji kusomwa kwa uangalifu.

Kwa ufupi, hivi ndivyo shilingi 1 ya Kenya ilivyobadilishwa kwa shilingi za Tanzania. Hesabu zimekadiriwa kutokana na wastani wa thamani ya kila sarafu kwa dola ya Marekani katika mwaka husika:

1966: shilingi 1
1980: shilingi 1.1
1985: shilingi 1.1
1990: shilingi 8.5
1995: shilingi 11
2000: shilingi 10.5
2005: shilingi 15
2010: karibu shilingi 18
2015: shilingi 20
2020: shilingi 21.5

Tazama mistari ya 1985 na 1990. Kwa miaka 19 ya mwanzo karibu hakuna kilichobadilika, kisha ndani ya miaka 5 thamani ikaporomoka mara 8. Je, Tanzania iliharibikiwa ghafla baada ya 1985? Hapana. Mstari wa 1985 ndio unaopotosha, na tutaona sababu yake.

Sarafu moja kwa wote

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, fedha iliyotumika zaidi katika eneo hili ilikuwa rupia: rupia ya India upande wa Waingereza na Zanzibar, na rupia ya Wajerumani upande wa Tanganyika. Mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa London. Baada ya kipindi kifupi cha kutumia florini, shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Zanzibar iliacha rupia yake na kujiunga mwaka 1936.

Kwa miongo kadhaa, mfanyakazi wa reli aliyelipwa Mombasa aliweza kutumia mshahara wake Tabora au Kampala bila kubadilisha hata senti. Lakini bodi hiyo haikuwa benki kuu. Haikupanga riba kulingana na mahitaji ya nchi. Kazi yake kubwa ilikuwa kutoa shilingi dhidi ya pauni zilizowekwa London.

Baada ya uhuru, kila serikali ilitaka kuwa na uwezo wa kuongoza fedha zake yenyewe. Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba sarafu ya pamoja itavunjwa, na mwaka 1966 Benki Kuu za Tanzania, Uganda na Kenya zikaanza kazi. Shilingi tatu mpya zilizaliwa, zote zikiwa na thamani ile ile: shilingi 7.14 kwa dola moja ya Marekani.

Mwanzoni zilitembea pamoja. Uingereza iliposhusha thamani ya pauni Novemba 1967, nchi hizi tatu zilikataa kuifuata, hivyo pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa karibu shilingi 17. Mwaka 1975 zote ziliacha kufungamanisha sarafu zao na dola, zikazifungamanisha na kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kinachotokana na kikapu cha sarafu kubwa za dunia. Kwa nje zilionekana ndugu. Ndani, kila nchi ilikuwa imeshika njia yake: Tanzania ilifuata Ujamaa baada ya Azimio la Arusha la 1967, Kenya ikabaki na uchumi unaotegemea zaidi wafanyabiashara binafsi.

Usawa wa kwenye karatasi

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katika miaka hiyo Tanzania ilipigwa na mambo kadhaa kwa mpigo: bei ya mafuta ilipanda mwaka 1979, vita dhidi ya Idi Amin vilimaliza akiba ya fedha za kigeni, bei za kahawa zilishuka baada ya neema ya 1976 na 1977, na viwanda vingi vya umma vilizalisha chini ya uwezo wake.

Fedha za kigeni zilikauka. Madukani hapakuwa na sabuni, sukari wala mafuta ya kupikia. Bei za bidhaa zilizidi kupanda, na katikati ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa takribani asilimia 30 kwa mwaka. Hata hivyo serikali ilishusha thamani ya shilingi kwa kiasi kidogo tu. IMF ilitaka ishushwe zaidi, na Rais Julius Nyerere alipinga masharti hayo kwa miaka mingi, akiona kwamba yatamwumiza mwananchi wa kawaida.

Ndiyo maana mwaka 1985 vitabu vya benki vilionyesha dola moja kuwa shilingi 17 na senti za Tanzania, na shilingi 16 na senti za Kenya. Ukigawanya, unapata shilingi 1.1 ya Tanzania kwa 1 ya Kenya, kana kwamba mapacha bado wanalingana.

Lakini bei hiyo ilikuwa ya karatasi. Mfanyabiashara wa kawaida hakuweza kwenda benki Dar es Salaam akapewa dola, wala shilingi za Kenya, kwa kiwango hicho. Fedha za kigeni ziligawiwa kwa kibali. Aliyekosa kibali alikwenda kwa walanguzi, ambako dola iliuzwa mara kadhaa ya bei ya benki. Mipakani, kahawa ilivushwa kwa njia za panya kwenda Kenya na bidhaa za viwandani zikarudi kwa njia hizo hizo. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, uliwakamata watu wengi, lakini haukuondoa kilichoileta magendo: shilingi ilikuwa na bei mbili, na ile ya serikali haikununua kitu.

Bei ambayo huwezi kuinunulia wala kuiuzia si bei kamili. Ni tangazo.

Miaka mitano ya kulipa deni

Mwaka 1984 serikali ya Tanzania ililegeza kamba kidogo kwa kuruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa. Baada ya Nyerere kung'atuka mwaka 1985, serikali ya Ali Hassan Mwinyi ilikubaliana na IMF. Juni 1986 dola ilipandishwa kutoka shilingi 17 hadi 40. Haikuishia hapo. Mwisho wa 1987 ilifika karibu 84, mwisho wa 1988 ikafika 125, na mwaka 1990 ilikuwa imekaribia 200.

Kenya nayo ilikuwa ikishusha thamani ya shilingi yake, ila kwa hatua ndogo: kutoka 16 kwa dola mwaka 1985 hadi 23 mwaka 1990. Hapo ndipo tofauti ya mara 8 na nusu ilipotokea.

Kwa hiyo mporomoko wa 1986 hadi 1990 haukuwa kuanguka kwa ghafla. Sehemu kubwa yake ilikuwa kukiri hadharani kile ambacho masoko ya mipakani yalikijua kwa miaka mingi. Kuanzia mwaka 1992 sheria mpya iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha nchini Tanzania, na mwaka 1993 kiwango cha serikali na cha soko vikaunganishwa. Kuanzia hapo, namba iliyoandikwa ubaoni ilikuwa namba mtu anayoweza kubadilishia.

Zamu ya Kenya

Kenya haikusalimika. Wafadhili walizuia misaada Novemba 1991, serikali ilitumia fedha nyingi kuelekea uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, na katika kashfa ya Goldenberg hazina ya umma ililipa mabilioni ya shilingi kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwepo. Fedha mpya zilifurika sokoni. Dola iliyokuwa shilingi 36 mwisho wa 1992 ilifika 68 mwisho wa 1993, na mfumuko wa bei ulipita asilimia 40.

Kisha mambo yakageuka. Baada ya benki kuu kubana fedha, na shilingi kuachiwa ipate bei sokoni, sarafu ya Kenya ilipanda hadi karibu 45 kwa dola mwisho wa 1994. Kwa jirani, maana yake ilikuwa hii: shilingi 1 ya Kenya ilikuwa na thamani ya shilingi 7 za Tanzania mwisho wa 1993, na karibu 12 mwaka mmoja baadaye. Wastani wa mwaka hauonyeshi mtikisiko kama huo. Anayesoma jedwali la miaka mitano mitano anaona mteremko laini kutoka 8.5 hadi 11, na hajui kwamba katikati yake kuna watu waliofilisika na wengine waliotajirika.

Nani alilipa?

Mabadiliko ya kiwango hayaishii kwa wafanyabiashara. Aliye na fedha zilizosimama mahali, awe na akiba, mafao au deni analodai, ndiye huumia zaidi.

Fikiria shilingi 1,000 za mwaka 1977, mwaka Jumuiya ilipovunjika. Iwe Nairobi au Dar es Salaam, zilikuwa sawa na dola 120 hivi. Mwaka 1995, shilingi 1,000 za Kenya zilikuwa zimebaki na thamani ya dola 19, na shilingi 1,000 za Tanzania hazikufika dola 2. Sasa wafikirie waliokuwa wafanyakazi wa mashirika ya Jumuiya, yaani reli, bandari, posta na ndege. Nchi tatu zilikubaliana namna ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya mwaka 1984, lakini nchini Tanzania madai ya wastaafu hao yalifika mahakamani na kuendelea hadi miaka ya 2000. Kwa mtu aliyesubiri hivyo, swali halikuwa tu "nitalipwa shilingi ngapi?", bali "shilingi za mwaka gani?"

Kiwango kinatoka wapi?

Wengi hudhani kuna mahali ambapo shilingi ya Kenya na ya Tanzania hukutana na kupangiana bei moja kwa moja. Hilo hutokea mipakani, na mfumo wa malipo unaounganisha benki kuu za kanda unaruhusu kulipana kwa sarafu za majirani. Lakini kwa kawaida bei yenyewe hupigwa kupitia dola. Dola moja inauzwa kwa shilingi ngapi Dar es Salaam? Inauzwa kwa shilingi ngapi Nairobi? Gawanya ya kwanza kwa ya pili.

Ndiyo sababu sarafu zote mbili zinaweza kuanguka mbele ya dola bila uhusiano wao kubadilika sana. Mwaka 2011 zilianguka zote, na dola ikapita shilingi 100 za Kenya. Lakini ukilinganisha mwanzo na mwisho wa mwaka huo, shilingi 1 ya Kenya ilibaki karibu na shilingi 18 za Tanzania.

Kinyume chake kilitokea mwaka 2024. Kenya ilikuwa na deni la Eurobond la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni mwaka huo, na soko lilihofu kwamba dola hazitapatikana. Januari dola ilifika shilingi 160 za Kenya, huku Tanzania ikiwa karibu 2,520. Gawanya: shilingi 15.75. Februari Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 katika soko la kimataifa na kutumia sehemu kubwa kununua deni lile la zamani. Hofu ikaisha. Mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 132 Nairobi na karibu 2,560 Dar es Salaam. Gawanya tena: zaidi ya 19.

Kwa mfanyabiashara wa Arusha aliyechukua mali Nairobi kwa mkopo wa shilingi 100,000 za Kenya, deni la shilingi 1,575,000 za Tanzania mwezi Januari lilikuwa limepita 1,900,000 mwisho wa Machi. Hakuongeza mzigo wala hakuchelewa kulipa. Deni lake lilipanda kwa sababu ya mnada wa hatifungani uliofanyika mbali naye. Upande wa pili, mnunuzi wa vitunguu kutoka Nairobi, ambaye mwanzoni mwa 2021 alipata karibu shilingi 2,100,000 za Tanzania kwa 100,000 zake, Januari 2024 alipata robo pungufu. Baadaye naye akapumua.

Je, namba ndogo ni uchumi bora?

La. Mwaka 1987 Uganda iliondoa sifuri mbili kwenye shilingi yake, ambapo shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya. Kufuta sifuri pekee hakukumwongezea mtu sahani ya chakula. Idadi ya shilingi zinazolingana na dola inaonyesha sarafu imetoka wapi, haisemi uchumi unakwenda wapi. Cha kuangalia ni kasi ya mabadiliko, tena ukilinganisha na bei za bidhaa nyumbani.

Mfumuko wa bei unaeleza sehemu kubwa ya tofauti ya miaka ya 1980. Hauelezi kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilikuwa na mfumuko wa bei wa tarakimu moja, lakini shilingi yake iliteleza kutoka 10.5 hadi 15 kwa shilingi ya Kenya. Mauzo ya nje, uagizaji, misaada na mitaji ya wawekezaji navyo vina nguvu. Na sarafu inayoshuka ina pande mbili: mwagizaji hulia, lakini vitunguu, machungwa na mahindi ya Tanzania huwa rahisi kwa mnunuzi wa Kenya.

Sarafu moja tena?

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999 inataka kurudi kwenye sarafu moja. Itifaki ya umoja wa fedha ilisainiwa Kampala mwaka 2013, ikiweka lengo la 2024. Lengo hilo halikufikiwa na limesogezwa hadi 2031. Nchi wanachama, ambazo sasa ni 8, zinatakiwa kwanza kuwa na mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, akiba ya fedha za kigeni inayotosha kuagiza bidhaa kwa miezi 4 na nusu, na deni la umma lisilozidi asilimia 50 ya pato la taifa. Historia tuliyoieleza ndiyo sababu ya masharti hayo. Sarafu moja haziwezi kuishikilia nchi ambazo bei, madeni na matumizi yake vinakwenda njia tofauti, na shilingi ya mwanzo ilivunjwa na serikali zilizotaka kila moja kushika usukani wake.

Ukikutana na jedwali la viwango

Ukitaka kujua fedha za zamani zilikuwa na thamani gani, iwe kwa ajili ya mirathi, mafao, kesi au utafiti, jiulize maswali matatu.

Kwanza, hiki ni kiwango cha serikali au cha soko? Kwa Tanzania, kabla ya 1993 tofauti inaweza kuwa kubwa mno. Suala hili halijawa la kale: wakati dola zilipoadimika Kenya mwaka 2022 na 2023, bei iliyotangazwa na ile ambayo benki ziliuzia wateja zilipishana.

Pili, ni wastani wa mwaka au ni bei ya siku? Mwaka 1993 na 2024 vinaonyesha kwamba miezi michache inaweza kubeba tofauti ya moja ya tano au zaidi.

Tatu, ni bei ya kununua au ya kuuza? Tuseme duka linanunua shilingi ya Kenya kwa 18.5 na kuiuza kwa 19.5. Ukiingia na shilingi 100,000 za Kenya, ukazibadilisha kisha ukaghairi hapo hapo, utatoka na chini ya 95,000. Jedwali huonyesha namba moja katikati, lakini mpakani hakuna anayebadilishiwa kwa namba hiyo.